Kuchagua shoti unaporekodi mapishi kwa simu: mwongozo kamili

Video nyingi za mapishi zina kasoro moja: shoti, yaani picha inayopigwa kutoka umbali na upande fulani bila kukatizwa, ni ileile mwanzo mpaka mwisho. Simu imesimamishwa mita moja na nusu kutoka kwa mpishi, na mtazamaji anamwona mtu kuanzia kiunoni kwenda juu kwa dakika nane. Unga umelainika kiasi gani, moto ni mkali au wa wastani, chapati imegeuzwa ikiwa na rangi gani: hayo yote hayaonekani, na ndiyo aliyoyafuata.

Hapa tunachukua kazi moja na kuipitia hatua kwa hatua: video ya dakika tatu ya mama anayepika chapati za kusukuma kibandani kwake, kwa jiko la mkaa, mchana. Ukiweza hii utaweza pia kumrekodi seremala, mshonaji au fundi baiskeli, kwa kuwa mikono inayofanya kazi hudai shoti zilezile.

Andika maswali kabla ya kushika simu

Chukua karatasi, gawa kazi katika hatua zake. Kwa chapati ni kukanda, kukata madonge, kusukuma mara ya kwanza, kupaka mafuta, kuviringisha, kupumzisha, kusukuma mara ya pili, kupika na kugeuza, kisha kuzifunika zisikauke. Mbele ya kila hatua andika swali ambalo mtazamaji atakuwa nalo wakati huo. Swali ndilo linalochagua shoti.

Akijiuliza "tuko wapi na huyu ni nani?", jibu ni shoti pana, yaani kibanda chote, jiko, meza, na mpishi kuanzia unyayo hadi utosini. Akijiuliza "anafanya nini?", mpe shoti ya kati, kuanzia kiunoni kwenda juu, mikono na uso vionekane pamoja. "Anafanyaje?" ni shoti ya karibu ya mikono peke yake. "Imefikia wapi?" ni shoti ya karibu sana: malengelenge yanayofura juu ya chapati, mafuta yanayotoa mapovu ukingoni. Na mpishi anapoeleza jambo au anapoionja kazi yake, mtazamaji anautaka uso.

Hatua ya kukanda haina swali gumu, kwa hiyo shoti mbili zinatosha. Kuviringisha ndiko kunakowashinda watu wengi, kwa hiyo hapo panga tano au sita. Usizigawe shoti sawasawa kwa kila hatua. Zipeleke penye ugumu. Shoti isiyojibu swali lolote iache, hata kama ni nzuri.

Wima au mlalo, amua sasa

Uamuzi huu hauahirishwi, kwa sababu unabadilisha umbali wa kila shoti. Kwenye simu nyingi lenzi kuu, ile ya 1x, inaona hivi baada ya simu kukata kingo kidogo ili kutuliza mtikisiko: ukiilaza, upana wa picha ni kama mara moja na robo ya umbali wako, na kimo chake ni kama asilimia 70 ya umbali huo. Ukiisimamisha wima, vipimo hivyo vinabadilishana nafasi. Simu hazilingani, lakini hesabu hii inakufikisha karibu na pa kusimama.

Kwa picha ya mlalo, mtu mzima mwenye nafasi kidogo juu na chini anahitaji kama mita 2.7. Kibanda kizima kinataka mita nne hivi. Kuanzia kiunoni kwenda juu ni kama mita 1.3. Kibao cha kusukumia chenye upana wa sentimita 60, pamoja na nafasi ya mikono pembeni, kinahitaji kama sentimita 65.

Kwa picha ya wima, mtu mzima anaenea kwa mita moja na nusu tu, na hilo ni faida kwenye kibanda kidogo. Tatizo ni viwiko. Mtu anayesukuma chapati anatanua mikono kufikia sentimita 80 au zaidi, na picha ya wima ni nyembamba. Ukisogea mpaka mwili kuanzia kiunoni kwenda juu ujaze fremu (eneo lote la picha), viwiko vyote viwili vinakatwa na mwendo wa kusukuma unapotea. Rudi nyuma hadi mita 1.2, ukubali kuona meza na miguu yake chini ya fremu. Hiyo nafasi ya chini si hasara: kwenye TikTok, Reels na Shorts ndiko jina la akaunti na maelezo yanakokaa, na upande wa kulia kuna alama za kupenda na kutuma. Weka mikono na kibao katikati ya fremu, mbali na maeneo hayo.

Umbali ndio unaobadilisha sura

Watu hudhani zumu na kusogea ni kitu kimoja. Ukimsogelea mtu hadi nusu mita kwa lenzi ya 1x, pua inakuwa kubwa, masikio yanarudi nyuma, na sura si yake tena. Ukirudi hadi mita moja na kuweka 2x (zumu ya mara mbili), uso unajaza fremu kwa ukubwa uleule lakini ukiwa na umbo lake halisi. Kwa hiyo uso, na kifua kwenda juu, vipigwe kwa 2x. Kwenye jiko 2x inakusaidia tena: simu inakaa mbali na joto na mafuta yanayoruka. Simu ikipata joto sana hupunguza mwanga wa skrini, na nyingine hukatisha kurekodi kabisa.

Simu nyingi zenye kamera ya megapikseli 48 au 50 hutoa 2x nzuri bila lenzi ya pili. Ukipandisha hadi 5x kwenye simu isiyo na lenzi ya mbali, picha inakuwa chenga, afadhali usogee.

Lenzi ya 0.5x, ile inayoona eneo pana zaidi, ina kazi moja hapa: shoti pana pale ambapo ukuta uko nyuma yako na huwezi kurudi. Usiitumie kwa mikono. Mkono ulio karibu na lenzi unavimba, na chapati ya duara inayokaa pembeni mwa fremu inaonekana kama yai.

Angalia pia tabia hii ya baadhi ya simu: unapoikaribia chapati, simu inahamia yenyewe kwenye lenzi pana ili iweze kufokasi, yaani kuionyesha wazi bila ukungu. Picha inaruka, rangi inabadilika kidogo, na kivuli cha simu kinaangukia chakula. Lenzi kuu za simu nyingi hazifokasi kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 15 hadi 25. Dawa ni kurudi hadi sentimita 30 au 40 na kutumia 2x, na kuzima kubadilika huko kwenye mipangilio kama simu yako inaruhusu.

Engo: usimame upande upi

Kwa video ya kufundisha, engo muhimu kuliko zote ni ya begani. Simama nyuma ya mpishi, upande wa bega asilolitumia sana, simu ikiwa juu kidogo ya bega na ikiangalia mikono. Ukimpiga kutoka mbele, mkono wake wa kulia unakuwa kushoto mwa picha, na mtu anayejifunza analazimika kugeuza kila kitu kichwani. Kwa kukanda haidhuru. Kwa kuviringisha, ambako mkono mmoja unashika na mwingine unazungusha, mtazamaji anapotea kabisa. Kutoka begani, mkono wa kulia wa mpishi uko kulia kwake pia.

Shoti ya juu kabisa, simu ikiangalia chini, inafaa kwa kibao na kwa madonge yaliyopangwa kwenye sinia. Kwa mlalo iweke kama sentimita 65 juu ya kibao. Kwa wima karibu sentimita 90 hadi mita moja. Upande wa juu wa picha uwe ule ulio mbali na mpishi, la sivyo mikono itaingia kutokea juu ya skrini. Kama mwanga unatoka juu moja kwa moja, simu na mkono wako vitaweka kivuli katikati ya kibao. Sogeza kibao kuelekea mlangoni au dirishani ili mwanga uingie kwa pembeni. Mwanga wa pembeni unaonyesha pia mikunjo ya donge. Mwanga wa juu huifuta.

Engo ya chini, simu ikiwa usawa wa chuma cha kupikia, ni ya chapati inapofura. Ukitaka mvuke uonekane, uwe na mwanga unaotoka nyuma ya chuma na kitu cheusi au chenye kivuli huko nyuma. Mvuke mbele ya ukuta mweupe hauonekani, hata uwe mwingi namna gani.

Na usimpige mtu mzima kwa kumwangalia kutoka juu wakati anaongea. Amekaa kwenye kigoda? Nawe chuchumaa. Lenzi ikae usawa wa macho yake. Hilo ni suala la heshima, na linaonekana.

Mpangilio wa simu

Katika Tanzania, Kenya, Uganda na Oman umeme ni wa hezi 50. Taa za umeme, hasa za bei nafuu, humeta mara 100 kwa sekunde, na simu inayorekodi fremu 30 (hapa fremu ni picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde inaweza kuonyesha mistari inayotembea kwenye ukuta. Rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, na kama programu yako ya kamera inaruhusu, weka shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, iwe sekunde 1/50 au 1/100. Kwenye iPhone, fremu 25 zimefichwa. Fungua mipangilio ya kamera, sehemu ya kurekodi video, uwashe miundo ya PAL. Aliye Marekani au Kanada, ambako umeme ni wa hezi 60, abaki na fremu 30 na shata 1/60. Ukirekodi kwa mwanga wa jua peke yake tatizo hilo halipo, ila usichanganye fremu 25 na 30 katika video moja.

Gusa uso wa mpishi kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe. Hii si hiari. Kibandani, barabara iliyo nyuma yake ina jua kali, na simu ikiachwa ijiamulie itapima mwanga wa barabara na kuufanya uso kuwa giza. Ngozi nyeusi ndiyo inayoumia zaidi kwa kosa hili. Funga mwanga kwenye uso, kisha telezesha kidole kurekebisha mpaka ngozi ionyeshe rangi yake. Nyuma ikiungua kwa mweupe, badili engo mpaka nyuma yake pawe na ukuta wa kibanda.

Rekodi kwa 4K, ubora wenye upana mara mbili ya 1080p ya kawaida, kama nafasi ipo kwenye simu. Ukihariri kwa 1080p unaweza kukata hadi nusu ya upana wa picha bila kupoteza ubora. Kwa mfinyazo wa HEVC, ambao hupunguza ukubwa wa faili, dakika moja ya 4K ya fremu 25 au 30 huchukua takriban MB 170; ya 1080p takriban MB 60. Nusu saa ya 4K ni zaidi ya GB 5, kwa hiyo futa usivyovihitaji kwenye simu siku moja kabla.

Futa lenzi kwa kitambaa safi cha pamba kila baada ya dakika kumi. Unga na mafuta ya jikoni hutengeneza ukungu unaoonekana baadaye tu, ukishafika nyumbani.

Siku ya kurekodi

Fika mapema, salimia, eleza video itawekwa wapi, na upate ruhusa. Kisha tumia bahati ya kazi hii: chapati inarudiwa. Madonge yakiwa kumi, una nafasi kumi za kupiga tendo lilelile. Donge la kwanza lipige kwa shoti pana, la pili kwa shoti ya kati, la tatu na la nne kutoka begani, la tano kwa karibu sana. Hakuna haja ya kumwomba arudie kwa kuigiza, jambo linalowafanya watu wengi wawe wagumu. Pale tu alipokwenda haraka mno, mwambie: "Samahani mama, donge linalofuata naomba uviringishe polepole kidogo, nisogee karibu." Atafanya kwa raha, kwa kuwa donge lipo na kazi inaendelea.

Tukio lisilorudiwa, kama kukata keki harusini, linadai uamuzi tofauti: baki kwenye shoti ya kati muda wote wa tendo, ndipo ukimbilie karibu mara likiisha. Shoti ya karibu iliyokosa tendo haiokolewi. Shoti ya kati inaweza kukatwa.

Anza kurekodi sekunde tatu kabla ya tendo, na usizime mpaka sekunde tatu baada ya kwisha. Kila shoti ishikilie angalau sekunde kumi, hata kama utatumia mbili. Anayezima simu mara tu mti wa kusukumia unaposimama hukosa mahali pa kukatia.

Kamera itulie. Stendi ndogo au pakiti ya unga iliyoegemezwa simu inatosha. Ukishika kwa mkono, bana viwiko mbavuni na utumie 1x. Ukitaka kuizungusha kamera kutoka jikoni kwenda kwa mpishi, tulia sekunde tatu, zunguka polepole kwa sekunde tano au zaidi, tulia tena sekunde tatu. Mzunguko usio na mwanzo wala mwisho uliotulia hauungani na shoti nyingine yoyote.

Chunga vitu vinavyobadilika: idadi ya chapati kwenye sahani, unga mikononi, leso kichwani, moshi, jua lililohama. Ukipiga shoti pana sahani ikiwa na chapati mbili, kisha shoti ya karibu ikiwa na tisa, ukaziunganisha kama tendo moja, mtazamaji atagundua. Njia rahisi ni kuiweka sahani nje ya fremu mpaka utakapoihitaji.

Mabadiliko ya shoti yasiyoruka

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Ukiunganisha shoti mbili zinazofanana sana kwa ukubwa na engo, picha inaonekana kuruka, kana kwamba kipande kimekatwa kwa bahati mbaya. Ili mabadiliko yaonekane ya makusudi, badili ukubwa kwa hatua inayoonekana wazi, kwa mfano kutoka kati hadi mikono, au zungusha mahali pa kamera kwa nyuzi 30 au zaidi. Ukiwa mita mbili kutoka kwa mpishi, nyuzi 30 ni kama hatua ya mita moja pembeni. Vyote viwili kwa pamoja ni bora zaidi. Kuikuza picha ya 4K kwa asilimia 15 tu na kuiita shoti mpya ndiyo kosa lenyewe; kuza kwa asilimia 60 kwenda juu, au iache.

Pia kuna mstari. Mpishi akiongea na mteja, vuta mstari wa kufikirika kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, ukae upande mmoja wa mstari huo kwa shoti zote za mazungumzo. Ukivuka, wote wawili wataonekana wakiangalia upande mmoja wa skrini. Ukilazimika kuvuka, weka katikati shoti ya mikono au ya chuma, ndipo uendelee kutoka upande wa pili. Shoti ya begani nayo inavuka upande ukilinganisha na ya mbele, kwa hiyo usizikutanishe moja kwa moja. Pitia kwenye shoti ya karibu sana.

Kata kwenye mwendo. Mti wa kusukumia ukiwa njiani kwenda mbele katika shoti ya kati, malizia safari hiyo katika shoti ya mikono. Jicho linafuata mwendo na halioni mkato.

Hatua ya kuviringisha inaweza kupangwa hivi, sekunde 24 kwa jumla:

Shoti ya kati, anachukua chapati iliyopakwa mafuta: sekunde 3.
Mikono kutoka begani, anaviringisha kuwa kamba: sekunde 7.
Karibu sana, tabaka zikionekana pembeni mwa kamba: sekunde 2.
Kutoka juu, kamba inazungushwa mpaka mwisho wake unafichwa chini: sekunde 6.
Uso, anaangalia kazi yake: sekunde 2.
Kutoka juu, donge linawekwa kwenye sinia pamoja na mengine: sekunde 4.

Shoti ndefu kuliko zote ni zile zenye mafunzo. Zile fupi zinampa pumziko, na zinaficha sehemu ulizopunguza muda.

Anapoongea

Mazungumzo yarekodi mwishoni, moto ukiwa umepungua na mikono yake iko huru. Mkalishe mwanga wa mlangoni ukimwangukia kwa upande wa mbele, na nyuma yake pawe na nafasi ya mita moja au mbili. Kifua kwenda juu, 2x, umbali wa mita 1.7 hivi. Macho yakae kama theluthi moja kutoka juu ya fremu, na upande anaoangalia uwe na nafasi kubwa kuliko nyuma ya kichwa chake. Wewe kaa karibu kabisa na simu ili macho yake yasiende mbali. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, chini kidogo ya shingo, ina faida kuliko simu ghali, kwa sababu mtaani kuna bodaboda.

Badili ukubwa wa shoti kati ya swali na swali, kamwe si katikati ya jibu. Akisema "mafuta yakizidi inakuwa ngumu", andika sentensi hiyo kwenye karatasi yako na uende kupiga shoti ya mafuta yakipakwa, kabla hujaondoka. Hiyo ndiyo itakayofunika mahali utakapokata maneno yake.

Kabla ya kufunga mfuko, rudi kwenye orodha ya maswali na ufungue kila kipande kwenye simu, ukikuza picha ili uone kama fokasi imekaa. Kinachokosekana mara nyingi ni shoti pana, kwa kuwa kila mtu huvutwa na mikono. Ipige sasa, kisha rekodi sekunde 30 za sauti ya kibanda bila mtu kuongea. Utaitandika chini ya shoti zote ili sauti isikatike kila picha inapobadilika.